Protini zinazoshika vichochezi vya ukuaji: tezi ya pituitari, majibu ya maabara na urefu wa mtoto

Karatasi ya majibu inatoka maabara ikiwa na mistari miwili: IGF-1 na IGFBP-3. Kando ya kila mstari kuna namba, na kando ya namba pengine mshale unaoelekea chini. Mzazi aliyempeleka mtoto hospitali kwa sababu ni mfupi kuliko wenzake darasani anaipiga picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la familia. Haipiti saa moja ameshaambiwa mambo matatu: kwamba mtoto "hana homoni", kwamba ile BP ni presha, na kwamba yupo mtu anayeuza vidonge vya kurefusha. Yote matatu ni makosa, na la tatu linagharimu fedha.

Chanzo cha mkanganyiko ni picha ya homoni tuliyoipata shuleni. Tulifundishwa kwamba homoni hutoka kwenye tezi, huingia kwenye damu, na hufika inakokwenda. Hatukuambiwa kwamba homoni na vichochezi vingi husafiri vikiwa vimeshikwa na protini nyingine, na kwamba hizo zinazoshika ndizo zinazoamua kichochezi kifanye kazi wapi, lini na kwa kiasi gani. Asiyezijua hawezi kuisoma ile karatasi, hata akiwa na namba zote mbele yake.

Maneno manne ya kuanzia

Homoni ni kemikali inayotengenezwa sehemu moja ya mwili na kufanya kazi sehemu nyingine ya mbali. Kichochezi cha ukuaji ni protini ndogo inayoiagiza seli igawanyike, ikue, au igeuke kuwa seli ya aina fulani. Mara nyingi huagiza majirani zake tu, ingawa vingine husafiri kwenye damu. Kipokezi ni protini iliyo juu ya seli, kama kitasa, ambayo kichochezi huingia kama ufunguo. Neno la nne ndilo la makala hii: protini shikizi. Hiyo ni protini inayokishika kichochezi kabla hakijafika kwenye kitasa. Inaweza kukificha, kukihifadhi, kukibeba mbali, au kukifikisha mahali fulani na kukiachia hapo.

IGF-1 ni kichochezi cha ukuaji chenye asidi amino 70, kinachofanana sana na insulini kwa umbo. Sehemu kubwa ya ile inayozunguka kwenye damu hutengenezwa na ini, kwa amri ya homoni ya ukuaji inayotoka kwenye tezi ya pituitari. IGFBP ni jina la familia ya protini shikizi sita, zenye namba 1 hadi 6, zinazoshika IGF-1 na ndugu yake IGF-2. Kwa hiyo IGFBP-3 si homoni, na BP yake haihusiani na presha.

Tezi inavyojengwa tumboni

Tezi ya pituitari ina ukubwa wa punje ya njegere na uzito wa takriban nusu gramu. Imekaa kwenye kishimo cha mfupa chini ya ubongo, chenye umbo la tandiko la farasi, nyuma ya mzizi wa pua. Udogo wake unadanganya. Sehemu yake ya mbele ina seli za aina tano zinazotoa homoni: ya ukuaji, ya maziwa, ya kuamsha tezi ya shingo, ya kuamsha tezi zilizo juu ya figo, na zile mbili za uzazi ambazo hutoka kwenye aina moja ya seli.

Tezi hii ni viungo viwili vilivyokutana. Sehemu ya nyuma ni ubongo ulioshuka. Sehemu ya mbele hutoka kwenye paa la kinywa cha kiinitete, ambalo katika wiki ya nne ya mimba hujikunja kwenda juu na kufanya mfuko mdogo. Mfuko huo unaitwa mfuko wa Rathke, kwa jina la Martin Rathke, mwanasayansi Mjerumani aliyeueleza mwaka 1838. Baadaye hukatika kutoka kinywani, hugusana na sehemu iliyoshuka kutoka ubongoni, na seli zake huanza kugawana kazi.

Nani anaziambia seli za kinywa ziwe tezi? Ubongo wa jirani. Sakafu ya ubongo, iliyo juu tu ya mfuko, hutoa vichochezi kama BMP4, FGF8 na FGF10. BMP4 ndicho kinachouanzisha mfuko. FGF huufanya uendelee kukua na seli zake zisife. Kichochezi kinachotoka upande mmoja huwa kingi karibu na chanzo na kupungua kadiri unavyokwenda mbali, na seli husoma kiasi kilichoifikia kama anwani: wewe uko juu, wewe uko chini, wewe uko katikati.

Wakulima wa miteremko ya Kilimanjaro wataielewa hali hii kwa mifongo yao, ile mifereji ya jadi ya kumwagilia. Maji yanatoka chanzo kimoja, lakini shamba gani linapata na kwa kiasi gani huamuliwa na anayefungua na kuziba njiani. Ukiongeza maji kwenye chanzo bila kujali vizibo, mashamba ya juu yanafurika na ya chini hayaoni tofauti.

Kwa BMP4, kizibo kimojawapo ni protini shikizi iitwayo nogini. Huikamata BMP4 nje ya seli na kuziba sehemu ambazo zingegusa kipokezi. Majaribio ya panya yanaonyesha uzito wa kazi yake kwa pande zote mbili. Panya waliozaliwa bila jeni ya nogini wana BMP isiyo na mipaka: baadhi yao paa la kinywa huanza kuunda mfuko wa pili pasipostahili, na wengine tezi hukaa vibaya na nje ya mahali pake. Panya waliofanywa watoe nogini nyingi mno kwenye paa la kinywa walipata balaa la kinyume. Mfuko ulianza, kisha ukakwama, na karibu aina zote za seli za homoni hazikutokea. BMP4 yenyewe ilikuwa inatolewa na ubongo kama kawaida. Kilichoharibika ni ushikaji.

Protini shikizi ya pili ya kukumbuka hapa ni folistatini. Hii huikamata aktivini, kichochezi kinachoziamsha seli za pituitari zitoe FSH, homoni inayokuza mayai kwenye ovari na kusaidia utengenezaji wa mbegu za kiume. Molekuli mbili za folistatini huizunguka aktivini moja na kuifunga kwa nguvu kiasi kwamba kwa vitendo haifunguki tena. Tofauti na vizibo vya wakati wa ujenzi, folistatini hubaki kazini maisha yote. Ubongo ukituma ishara za uzazi kwa mapigo ya haraka, folistatini huongezeka ndani ya pituitari, aktivini hupungua, FSH hushuka. Mapigo yakiwa ya polepole, FSH hupanda. Ndivyo tezi moja, kwa amri ya homoni moja ya ubongo, inavyoweza kutoa homoni mbili za uzazi kwa viwango tofauti.

Familia ya IGFBP nayo imo ndani ya tezi hii: katika panya, baadhi yake hutengenezwa na tishu ya pituitari yenyewe, si ini peke yake. Hilo lina mantiki, maana IGF-1 hurudi kwenye pituitari na kuiambia ipunguze homoni ya ukuaji, na kila mahali IGF-1 inapotoa ujumbe lazima awepo wa kuupima.

Jambo moja huwashangaza wengi. Tezi huanza kuwa na homoni ya ukuaji mapema katika mimba, lakini mtoto tumboni haitegemei sana kwa urefu wake. Mtoto asiye na homoni ya ukuaji kabisa huzaliwa akiwa na urefu wa kawaida au karibu na kawaida. Ukuaji wa tumboni unaendeshwa na IGF-2 na IGF-1 zinazofuata lishe, kondo la nyuma na insulini ya mtoto mwenyewe. Kwa hiyo mtoto kuzaliwa na uzito mdogo si ushahidi kwamba pituitari yake ina kasoro. Homoni ya ukuaji hushika usukani baada ya kuzaliwa, na upungufu wake kwa kawaida huonekana kwenye mstari wa urefu kuanzia miezi ya mwisho ya mwaka wa kwanza.

Fedha za mkononi na fedha za benki

Tuje kwenye damu. Homoni ya ukuaji hutolewa kwa mafungu, mengi yakiwa usiku mtoto akiwa usingizini, na baada ya dakika kama 20 nusu ya fungu imeshaondoka kwenye damu. Mchana kiasi chake kinaweza kuwa karibu na sifuri kwa mtoto mzima kabisa. Ndiyo maana kipimo cha homoni ya ukuaji kilichochukuliwa ghafla saa nne asubuhi hakina maana yoyote kwa mtoto wa miaka minane, na maabara inayokiuza kama "kipimo cha urefu" inamuuzia mzazi karatasi tupu.

IGF-1 ni tofauti: kiwango chake hakiyumbi sana kati ya asubuhi na jioni. Utulivu huo ni kazi ya protini shikizi. IGF-1 ikiwa huru, nusu yake hupotea ndani ya dakika kama 10. Ikishikwa na protini moja ya IGFBP, hukaa kama nusu saa. Lakini sehemu kubwa, robo tatu au zaidi, huwa kwenye mshikamano wa watu watatu: IGF, IGFBP-3 (au mara chache IGFBP-5), na protini kubwa ya ini iitwayo ALS. Mshikamano huo ni mkubwa mno kupenya kuta za mishipa ya damu, kwa hiyo IGF hubaki humo saa 12 na zaidi. Iliyo huru kabisa haifiki asilimia 1.

Ifikirie kama fedha. IGF-1 huru ni fedha ya mkononi. Iliyoshikwa na IGFBP moja ni salio la kwenye simu, unaweza kulitoa muda wowote. Iliyo kwenye mshikamano wa watatu ni akaunti ya muda maalumu: ipo, ni yako, lakini huifikii mpaka mtu aifungue. Kipimo cha kawaida cha IGF-1 hujumlisha vyote. Kinakuambia utajiri, hakikuambii kama kuna nauli ya leo.

Kwa nini mwili uifungie mali yake hivyo? Kwa sababu IGF inafanana na insulini, na kiasi chake kwenye damu ni kama mara elfu ya kiasi cha insulini. Ingekuwa huru yote, sukari ya damu ingeanguka. Hatari hii si ya nadharia tu: baadhi ya uvimbe, ikiwemo saratani ya ini, hutoa aina kubwa ya IGF-2 ambayo haikai sawasawa kwenye mshikamano wa watatu, na mgonjwa huanguka kwa sukari kushuka hata kama hajawahi kutumia dawa ya kisukari.

Na anayefungua ile akaunti ni vimeng'enya vinavyokata protini shikizi. Viwili muhimu ni PAPP-A, kinachokata hasa IGFBP-4, na PAPP-A2, kinachokata IGFBP-3 na IGFBP-5. Wanawake wengi waliopimwa kati ya wiki ya 11 na 13 ya mimba ili kukadiria uwezekano wa mtoto kuwa na hali ya Down (kuzaliwa na kromosomu ya 21 ya ziada) wamepimwa PAPP-A bila kujua kazi yake. Vivyo hivyo IGFBP-1, iliyojaa kwenye maji ya uzazi, ndiyo inayotafutwa na baadhi ya vijiti vya kupima kama chupa imepasuka. Protini hizi si wageni hospitalini, hazijatambulishwa tu.

Aina mbili za wagonjwa wanaoeleza yote

Mwaka 2004 madaktari wa Argentina walichapisha taarifa za kijana aliyekosa ALS kwa sababu ya kasoro ya jeni. Bila ALS mshikamano wa watatu haufungi, IGF-1 na IGFBP-3 hazihifadhiki, na namba zake zilikuwa chini mno, za mtu ambaye ungetegemea awe mfupi kupindukia. Hakuwa hivyo. Kwa wagonjwa wa aina hii ufupi huwa wa wastani tu, kwa sababu tishu, hasa gegedu za ukuaji kwenye mifupa, hujitengenezea IGF-1 yao na kuitumia palepale. Na sindano za homoni ya ukuaji kwa kawaida huwasaidia kidogo sana, maana tatizo si uzalishaji. Ni ghala lisilo na mlango.

Mwaka 2016 ikaja picha ya kinyume: watoto wa familia mbili, moja ya Hispania na nyingine ya Wapalestina, waliokosa PAPP-A2. IGF-1 yao ilikuwa juu, IGFBP-3 juu, homoni ya ukuaji juu, na walikuwa wafupi. Mali yote ilikuwa benki na ufunguo umepotea. IGF-1 huru ilikuwa chini. Walipopewa IGF-1 ya sindano, baadhi yao waliongeza kasi ya kukua.

Magonjwa yote mawili ni adimu sana, na karibu hakuna msomaji wa makala hii atakayekutana nayo. Lakini yanavunja moja kwa moja ile imani kwamba IGF-1 ya chini maana yake ni mtoto mfupi na ya juu maana yake ni mtoto mrefu.

Yanavunja pia imani ya pili, inayosambazwa na wauza virutubisho: kwamba protini shikizi ni "breki" tu, na ukizipunguza utakua zaidi. Panya waliofutiwa kwa pamoja jeni za IGFBP-3, 4 na 5 hawakuwa majitu. Walikuwa wadogo kwa karibu moja ya tano kuliko wenzao, kwa kuwa bila washikaji IGF-1 iliyeyuka kabla ya kufika.

Chakula kwanza

Hapa ndipo watoto wengi wa kwetu walipo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliwakuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania wakiwa wamedumaa. Wa Kenya wa mwaka huohuo ulipata asilimia 18. Kudumaa huko kwa sehemu kubwa hakutokani na pituitari mbovu.

Mtoto akikosa chakula cha kutosha, hasa protini na nishati, ini lake huacha kuisikiliza homoni ya ukuaji. IGF-1 hushuka. Pituitari, isipopata lile jibu la "inatosha", huongeza homoni ya ukuaji. Watoto wenye kwashiakoo wamejulikana tangu miaka ya 1960 kuwa na homoni ya ukuaji juu. Wakati huohuo insulini huwa chini, na insulini ndiyo inayoizuia IGFBP-1. Ikishuka, IGFBP-1 hupanda na kukamata kile kidogo kilichobaki. Mwili umefunga mradi wa ukuaji kwa makusudi ili kuokoa maisha. Kumchoma mtoto huyo homoni ya ukuaji ni kuongeza kelele kwa ini lililoziba masikio. Anachohitaji ni chakula, tiba ya maambukizi, na muda. IGF-1 hupanda yenyewe ndani ya siku na wiki za kulishwa.

Kanuni hiyohiyo inagusa kipimo. Mtoto akipimwa akiwa na homa kali, anaharisha, au amekaa siku kadhaa bila kula vizuri, IGF-1 itatoka chini. IGFBP-3 huyumba pia, lakini kidogo zaidi. Hii ni sababu moja ya kupimwa zote mbili.

Kabla ya sindano ya damu, futi

Kipimo cha kwanza na cha bei nafuu kuliko vyote ni urefu uliopimwa vizuri, mara mbili, kwa nafasi ya miezi 6 hadi 12. Chini ya miaka miwili mtoto hupimwa amelala. Baada ya hapo husimama, bila viatu, visigino, makalio na mgongo vikigusa ubao, macho yakitazama mbele. Kumpima mtoto amelala na mara inayofuata amesimama hupoteza kama sentimita 0.7 ambazo hakuzipoteza. Msuko mnene au kilemba vinaweza kuongeza sentimita mbili na kuficha mwaka mzima wa kukua polepole.

Kati ya miaka minne na balehe, mtoto anayekua chini ya takriban sentimita 5 kwa mwaka anastahili kuchunguzwa, hata kama si mfupi bado. Anayekua sentimita 6 kwa mwaka na ni mfupi kama wazazi wake, kwa kawaida ni mtoto mzima. Kukadiria urefu wa kifamilia: jumlisha urefu wa baba na mama, ongeza 13 kwa mvulana au toa 13 kwa msichana, kisha gawa kwa mbili. Baba wa sentimita 170 na mama wa 158 wanaweza kutegemea mvulana wa karibu 170.5 na msichana wa karibu 157.5, na tofauti ya hadi sentimita 8 hivi juu au chini bado ni ya kawaida.

Kisha vipimo vya mambo ya kawaida: wingi wa damu, figo, ini, choo, na tezi ya shingo. Tezi ya shingo ikiwa imelegea, kwanza irekebishwe, kwa sababu peke yake hushusha homoni ya ukuaji na IGF-1. Msichana mfupi bila sababu apimwe kromosomu, kwani hali ya Turner (kukosa kromosomu X moja au sehemu yake) inaweza kuwa na ufupi kama dalili pekee. Picha ya eksirei ya mkono wa kushoto huonyesha umri wa mifupa.

Ndipo IGF-1 na IGFBP-3. Namba zake hazisomwi peke yake bali dhidi ya umri, jinsia na hatua ya balehe. IGF-1 ya 150 ng/mL inaweza kuwa nzuri kabisa kwa mtoto wa miaka saba na kuwa chini kwa kijana wa miaka 14. Kijana wa miaka 13 ambaye mifupa yake ni ya miaka 10 na balehe haijaanza atakuwa na IGF-1 ya mtoto wa miaka 10, na akilinganishwa na wenzake wa umri atapewa mshale wa chini bila ugonjwa wowote. Kwa walio chini ya miaka mitatu IGF-1 huwa ndogo kwa asili, kiasi kwamba ni vigumu kumtofautisha mwenye upungufu na asiye nao. Hapo IGFBP-3 husaidia zaidi.

Kuna kosa pia linaloweza kutokea ndani ya maabara. Ili kupima IGF-1 yote, mashine lazima kwanza iitenganishe na washikaji wake, kwa tindikali, kisha kuwazuia wasiikamate tena, mara nyingi kwa kumwaga IGF-2 nyingi ili mikono yao ijae. Hatua hiyo isipofanyika sawasawa, protini shikizi huingilia kipimo na namba hutoka ya uongo. Mashine tofauti hutoa namba tofauti kwa damu ileile, kwa hiyo rudia kipimo kwenye maabara ileile na utumie viwango vilivyochapishwa kwenye karatasi yao, si vya mtandaoni.

IGF-1 na IGFBP-3 zikiwa chini zote kwa mtoto anayekula vizuri na anayekua polepole, pituitari inashukiwa. Hapo hufuata kipimo cha kuiamsha tezi: mtoto akiwa hajala, hupewa dawa kama klonidini au glukagoni, kisha damu huchukuliwa kila nusu saa kwa saa mbili hadi tatu. Kilele cha homoni ya ukuaji kikibaki chini ya 10 ng/mL, au 7 kwa vituo vingi vya sasa, upungufu unakubalika, na MRI ya kichwa hufuata kuangalia umbo la tezi. Klonidini hushusha presha na glukagoni inaweza kufuatiwa na sukari kushuka, hivyo kipimo hiki hufanyika hospitali tu. IGF-1 ikiwa chini peke yake na IGFBP-3 karibu na kawaida, kwa mtoto mwembamba, rudi kwenye sahani yake ya chakula kabla ya kufikiria tezi.

Vidonge, dawa za kupuliza na maziwa

Homoni ya ukuaji na IGF-1 ni protini. Zikipita mdomoni tumbo huzimeng'enya kama linavyomeng'enya yai. Kwa hiyo kidonge cha "homoni ya urefu", unga wa pembe za kulungu na dawa ya kupuliza chini ya ulimi haviwezi kumrefusha mtu, na anayekunywa maziwa huku akiiogopa IGF-1 ya ng'ombe aendelee kunywa. Pia, gegedu za ukuaji zikishafunga, kwa wasichana wengi kati ya miaka 14 na 16 na kwa wavulana miaka miwili hivi baadaye, hakuna dawa ya kurefusha mifupa. Homoni ya ukuaji kwa mtu mzima mwenye pituitari nzima itampa sukari, viungo vinavyouma, na ikizidi kwa muda mrefu mikono na taya pana, si urefu.

Kwa mtoto mwenye upungufu wa kweli, sindano inafanya kazi, na vizuri. Hutolewa chini ya ngozi, kwa kawaida kila jioni, miligramu 0.025 hadi 0.05 kwa kila kilo kwa siku, kwa miaka mingi. Dawa nyingi za aina hii hutunzwa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8, na ikiganda imeharibika. Kuiweka kwenye sehemu ya barafu ni kosa linaloteketeza dozi ya mwezi mzima. Mtoto aliye kwenye dawa akianza kuumwa kichwa sana na kuona ukungu, au akichechemea kwa maumivu ya nyonga au goti, arudi hospitali mara moja. IGF-1 hupimwa tena wakati wa matibabu, kwani ndiyo inayoonyesha dozi imezidi au haitoshi.

Mtoto mchanga ambaye hawezi kusubiri

Kwa mtoto wa shule, kuchelewa miezi sita ili kupima urefu mara ya pili hakuna madhara. Kwa mchanga ambaye pituitari yake haikujengwa sawasawa, saa zinahesabika. Dalili zake ni sukari inayoshuka tena na tena bila sababu, manjano inayopitiliza wiki mbili, na kwa mvulana uume mdogo sana, chini ya sentimita 2.5 ukinyooshwa, pengine na korodani zisizoshuka. Kasoro za katikati ya uso, kama mdomo sungura na kaakaa lililo wazi, huongeza shaka, kwa sababu paa la kinywa na tezi vina asili moja.

Katika siku za kwanza za maisha homoni ya ukuaji huwa juu kwa watoto wote, kwa hiyo hapa, na hapa tu, sampuli ya ghafla ina maana: ikiwa chini ya takriban 5 hadi 7 ng/mL katika wiki ya kwanza kwa mtoto ambaye sukari inashuka, upungufu unawezekana sana, na IGFBP-3 ya chini huunga mkono. Damu hiyo ipimwe pamoja na kotisoli (homoni ya tezi zilizo juu ya figo) na homoni za tezi ya shingo, bora zaidi palepale sukari ikiwa chini, kisha sukari irekebishwe bila kusubiri majibu. Na ikigundulika kwamba kotisoli na homoni ya tezi ya shingo zote hazitoshi, kotisoli hutangulia. Homoni ya tezi ya shingo ikitolewa kwanza, mwili huharakisha kuimaliza kotisoli kidogo iliyopo, na mtoto aliyekuwa ameanza kutulia anaweza kuzimia mikononi mwa wauguzi.